Bahasha Niliyoilalia

Mwanangu Mwamvua,

Barua nilizowafundisha watoto wa darasa la nne kuandika zilianza zote namna moja: mimi ni mzima wa afya, hofu ni juu yako wewe uliye mbali. Niliwapa alama kwa sentensi hiyo. Leo nimeshika kalamu tangu ulipotoka na sentensi hiyo imegoma, kwa sababu mimi si mzima, na wewe bado hujawa mbali. Uko kwenye pantoni, unavuka Magogoni kwenda kumuaga bibi yako Kigamboni. Utarudi jioni. Nina alasiri nzima, na ule ubao wa chapati niliokuomba ndio meza yangu. Najua ulishangaa mama anataka ubao wa chapati wa nini.

Sitakuandikia habari za chandarua, wala za kufua, wala za wavulana. Hayo bibi yako anakwambia sasa hivi, na Mama Kabula amekwisha kukwambia kwa maneno ambayo mimi siwezi kuyaweka kwenye karatasi. Nataka kukuandikia juu ya kidonda changu, kwa sababu jana ulisema ni chako.

Ulikuwa umefungua sanduku la bati, unatoa sare moja moja na kuzirudisha kwenye msumari. Mama Kabula alikuwa mlangoni na beseni la maji. Akakuuliza, "We mtoto, unapakia au unapakua?"

"Napakua," ukasema. "Siendi Tabora. Mama nilikuwa namgeuza mimi, na mgongo umemwoza nikiwapo. Nikiondoka si mtamzika?"

Mama Kabula alinitazama mimi. Alisubiri na beseni lake mpaka maji yakaacha kutikisika. Nami nikageuza uso ukutani, nikasema nasikia usingizi.

Sikuwa na usingizi. Nilikuwa na jibu, na jibu hilo ninalo kwa wiki tatu sasa. Nimeshindwa kulisema kwa mdomo, ndiyo maana nimeomba ubao.

Nianze nyuma kidogo, maana ulikuwa na miaka kumi na mmoja tu na mengi tulikuficha.

Shule yetu ilikuwa na shamba la mihogo nje ya mji, kama ilivyotakiwa kila shule ijitegemee. Siku ya mavuno tuliazimwa lori. Wakati wa kurudi dereva alinipa nafasi mbele, nikakataa. Nilitaka watoto waone kwamba mwalimu wao hajitengi nao, basi nikapanda juu ya magunia na darasa la sita, tukaimba njia nzima. Nilikuwa mtu wa namna hiyo, mwenye kuamini sana. Kwenye kona moja magurudumu yaliacha barabara. Hakufa mtoto hata mmoja. Mimi nilianguka pamoja na magunia. Watu wa pale walinishika mikono na miguu wakanipandisha kwenye gari jingine, mbio mbio, kwa huruma, na mpaka leo sijui kama kilichonivunja uti wa mgongo ni gunia au ni huruma ile. Niliuliza sana mwanzoni. Nimeacha.

Nilikaa wodini miezi minne. Daktari aliponiambia kwamba miguu haitarudi, nilimwambia asante, kama mtu aliyepewa boksi la chaki. Nilidhani huo ndio ushujaa.

Nilipoletwa nyumbani, chumba hiki kilijaa. Unakumbuka, wewe ndiye uliyekuwa ukitandika mikeka. Wanawake wa nyumba hii na wa nyumba za jirani walikuja na sukari kwenye mafundo ya khanga. Waliketi wamefunika midomo, wakasema kwa sauti ya chini, pole Mwalimu, ni mipango ya Mungu. Walikuwa watu wema. Lakini walikaa kama wako matangani, na maiti ni mimi, niko macho nawatazama.

Siku ya nne akaingia Mama Kabula. Wakati ule alikuwa mpangaji mpya wa chumba cha mwisho, karibu na uani, Mnyamwezi wa Tabora anayepika uji wa kuwauzia wachukuzi wa sokoni alfajiri. Nilimjua kwa sababu alikuwa mwanafunzi wangu katika darasa la jioni la watu wazima. Na sisi ni Wazaramo. Wewe umekua ukiona Wazaramo na Wanyamwezi wakitukanana barabarani huku wanacheka, ukadhani ni mchezo tu. Mimi pia nilidhani hivyo, tena nilidhani ni mchezo wa watu wasiosoma. Sikutaka kujua kwamba mtani ana kazi yake. Msiba ukikufika, ndugu analia, jirani anasema pole, na mtani anakutukana mpaka ucheke, kisha anashika zile kazi ambazo ndugu wanaziogopa. Haki yake ni kutukana. Wajibu wako ni kutokasirika.

Aliingia bila kufunika mdomo. Akapiga makofi, akasema, "Jamani, mnalia nini? Mzaramo kapata alichokuwa anakitafuta maisha yake yote: kulala mchana kutwa na kuletewa chakula kitandani!"

Wanawake wakacheka. Walishindwa kujizuia. Kisha wote wakanigeukia, wakingoja jibu langu. Tusi lolote lingetosha, Mwamvua. Ningesema, nyamaza we mla panya, na chumba kizima kingepumua, na yule mwanamke angekunja mikono ya gauni akauliza ndoo iko wapi.

Nikasema, "Toka. Mimi sina utani na mtu. Usikanyage tena humu ndani."

Mama Kabula aliniangalia kama kwamba ameona kitu kibaya kuliko miguu yangu. Akajifunga khanga vizuri, akasema, "Haya, Mwalimu," akatoka. Na baada yake wakaanza kutoka wengine, mmoja leo, wawili kesho. Mtu akimfukuza mtani, jirani wa kawaida atakaa kwa lipi? Wiki mbili baadaye mikeka ikakunjwa, nami nikakwambia, "Afadhali, sasa tuna nafasi."

Kuhusu baba yako nitasema kidogo tu. Siku moja alinibeba kunipeleka bafuni, nikaona anavuta pumzi kwa mdomo ili asinuse. Ni hilo tu alilonikosea. Tangu siku hiyo nikawa namwambia, kaoe mwingine, unangoja nini, kaoe. Nilimwambia hivyo kwa miezi sita, na kila alipokataa nilipata usingizi. Siku alipokubali nilimwita msaliti, tena nilikwambia wewe umwite hivyo. Aliondoka kwa miguu yake, hilo simfutii. Lakini mlango niliufungua mimi, nikausimamia, nikamsukuma. Ukikutana naye, mwamkie. Nusu ya hasira uliyonayo juu yake ni yangu, nilikupa uishike.

Ukabaki wewe.

Ulikuwa na mikono myembamba kama ya kuku. Nesi alikuonyesha mara moja jinsi ya kunigeuza, ukashika. Tulihesabu kwa adhana, na kati ya adhana moja na nyingine ukaweka alama zako mwenyewe: kengele ya shule, taarifa ya habari kwenye redio ya jirani. Ulijifunza mambo ambayo binti hapaswi kuyajua juu ya mwili wa mama yake. Kile kiti cha magurudumu tulichopewa nilikifanya kitundikio cha khanga, kwa sababu kukikalia kulimaanisha kupita koridoni mbele za watu. Nami nilikuwa nikijisifu moyoni. Nilisema hatumhitaji mtu, mimi na mwanangu. Niliita hiyo heshima. Nilimfukuza mtu mzima mwenye mikono ya kunyanyua masufuria ya uji, nikaweka mahali pake mtoto wa darasa la tano, halafu nikaita heshima.

Kulikuwa na asubuhi ambazo sikutaka zifike. Sikukwambia, lakini ulijua. Ulikuwa unakimbia kutoka shule mpaka hapa bila kusimama, nasikia miguu yako tangu barazani, na kabla ya kufunua pazia unaita, "Mama!" Unangoja nijibu ndipo uingie. Sasa nakwambia jambo ambalo ningetamani lisiwe kweli. Siku nyingine nilichelewa kujibu makusudi. Nilisikiliza pumzi zako nje ya pazia, nikajua kwamba kuna mtu mmoja duniani anayeogopa nisiwepo, na hiyo ikawa dawa yangu ya siku hiyo. Niliinywa kutoka kwako. Sijui deni la namna hiyo linaombewaje radhi, kwa hiyo naliandika tu kama lilivyo.

Mwaka jana ukamaliza darasa la saba.

Mwalimu mkuu alikuja mwenyewe, asubuhi uliyokuwa kwenye foleni ya sukari. Alisimama hapo karibu na sanduku, kofia mkononi, akasema, "Hongera, Mwalimu mwenzangu. Mwaka huu msichana wetu mmoja tu ndiye aliyechaguliwa kwenda sekondari Tabora, na ni wako." Akanipa bahasha ya kaki. Nilimshukuru, nikacheka, nikauliza habari za shule. Alipotoka niliifungua. Jina lako lilikuwa limepigwa taipu kamili, mpaka la babu. Nilifurahi, Mwamvua, naomba uliamini hilo. Nilifurahi kwa muda wa mistari mitatu. Kisha nikafika kwenye tarehe ya kuripoti, nikatazama pazia, nikafikiria nani ataita "Mama" nje ya pazia lile.

Nikaikunja bahasha, nikainua shuka, nikaisukuma chini ya kiuno changu mpaka mkono ulipokomea. Niliiweka mahali ambapo mwili wangu hauna habari. Nilisema moyoni ni mpaka kesho tu, nipate kufikiri.

Ulirudi na sukari, ukasimulia ugomvi wa foleni, tukacheka. Saa ya kugeuzwa ikafika. Nikasema, "Leo niache hivi hivi, nimepata ulalo mzuri." Jioni nikasema tena. Kesho yake ukasema, "Mama, nesi alisema tusipitishe saa," nami nikakupigia kelele, "Mwili ni wangu au wako?" Ukatoka uani. Uliporudi macho yalikuwa mekundu, ukaniinua bega moja tu, ukaweka mto, ukaniuliza kama hivyo vinatosha. Nikasema vinatosha.

Nilifanya hivyo siku tisa. Ungenigeuza ungeiona bahasha. Ndiyo sababu, na hakuna sababu nyingine. Niliilalia kama kuku anavyolalia mayai, na pembe yake ngumu ikanichimba, nami sikusikia chochote.

Siku ya nane ulikuwa unaosha vyombo hapo chini. Wenzako walikuwa wamekwisha kupata barua zao. Bila kuinua kichwa ukasema, "Labda sikufaulu."

Nikasema, "Labda."

Nimekuwa mwalimu miaka kumi. Nimesema maneno mengi mbele ya watoto. Hilo moja ndilo nitakaloulizwa.

Siku ya tisa homa ilinishika, meno yakawa yanagongana, ukakimbia zahanati kumwita nesi. Hapo ndipo Mama Kabula alipopita koridoni. Miaka miwili na nusu hakuwa amekanyaga humu. Alisimama nje ya pazia.

"Hodi."

Nikafumba macho, nikangoja apite.

"Hodi, Mwalimu. Humu ndani pananuka kitu, na leo hakuna aliyepika samaki."

Nilijaribu kusema mtoto ameenda kumwita nesi. Sauti iliyotoka ilikuwa kilio. Akafunua pazia, akaja moja kwa moja, akavuta shuka, akanishika bega na paja, akanigeuza kwa mara moja. Hivyo ndivyo mtu mzima anavyogeuza. Nilikuwa nimesahau. Kisha nikasikia amenyamaza, na huyu mwanamke hanyamazi.

Baadaye akasema, taratibu kabisa, "Babu zangu walibeba pembe za ndovu kwa miguu kutoka Tabora mpaka hapa pwani kwenu. Miezi mitatu njiani, jua na mvua. Hakuna pembe hata moja iliyonuka hivi."

Nilikuwa na homa, nilikuwa naogopa kufa, nilikuwa uchi mbele ya mtu niliyemfukuza. Nikacheka. Nililia na kucheka kwa pamoja, kwa sauti ambayo sijaitoa tangu tulipokuwa tunaimba juu ya magunia. Na mdomo wangu wenyewe, bila kuniuliza, ukasema, "Shika vizuri mzigo, mpagazi. Ukiudondosha, leo hupati posho."

"Ehee," akasema. "Kumbe yumo humu ndani. Mzaramo yumo. Nilidhani walimwacha wodini."

Ndipo mkono wake ukaikuta bahasha. Ilikuwa imenigandia mwilini, akaibandua kidogo kidogo kwa maji ya vuguvugu. Hakuniuliza kama aifungue. Akachutama karibu na dirisha, akaweka kidole chini ya maneno, akasoma kwa sauti, "A-me-cha-gu-li-wa." Mimi ndiye niliyemfundisha kusoma vile, kidole chini ya kila silabi. Nililala pale nikamsikiliza akisoma mpaka mwisho, vyombo vya kwenda navyo, tarehe, sahihi. Ilichukua muda mrefu sana.

"Ya lini hii?"

"Siku tisa."

"Mtoto anajua?"

"Hajui."

Akakaa chini kabisa, sakafuni. "Mimi nilidhani umeoza mgongo tu," akasema. Na hapo hakuwa anatania.

Nikamwomba asikwambie. Akasema, "Mimi simwambii. Mdomo wako ni mzima, ndio uliobaki. Utamwambia wewe."

Aliifuta karatasi, akaikausha juu ya jiko la mkaa. Uliporudi na nesi nilikupa, nikasema imefika leo hii. Uliniuliza doa hili la nini, nikasema mwalimu mkuu alinyeshewa na mvua. Ukaibusu. Mama Kabula akatoka nje.

Kisha nesi akakuonyesha kidonda, ukakiona ukubwa wake, ukasema, "Ni mimi. Nilikuwa namwinua bega tu." Nesi alikuwa na haraka, hakukwambia kitu. Mimi nilikuwa na nafasi, na sikukwambia kitu. Kwa wiki tatu nimekusikia ukiamka kila baada ya muda mfupi kunigusa kama nimelowa, nimekuona ukila wima, nikanyamaza. Nilinyamaza kwa sababu mtoto anayejilaumu haondoki. Sikuhitaji tena kuficha karatasi. Nilikuwa nimepata kitu kingine cha kukufungia.

Basi hilo ndilo jibu la jana. Kidonda si chako. Ulitaka kunigeuza nikakukataza, ukarudia kutaka nikakukemea, na wewe ulikuwa sahihi kila mara. Kilichonichimba mgongo ni barua yako ya kwenda shule, na niliiweka mimi.

Hujui ni kiasi gani nataka hapa niandike kwamba tangu siku ile mambo yamekuwa mazuri. Hayajawa. Nesi ameniambia waziwazi kwamba kidonda cha namna hii huweza kufunga na huweza kumaliza mtu, na bado hajui changu kitakwenda wapi. Nakwambia ili telegramu ikija siku moja huko shuleni, usianze kuhesabu siku tangu ulipopanda treni. Kama nikifa, nimekufa kwa siku zile tisa. Kuondoka kwako hakumo.

Na asubuhi zile mbaya bado zipo. Sijapatana na miguu hii. Nikiitazama naona vitu vya mgeni aliyeviacha kitandani akaondoka, na kila siku nangoja avifuate. Nilidhani mtu akishavumilia vya kutosha kuna siku anaamka amezoea. Sasa nadhani hakuna siku hiyo. Kuna saa tu. Kuna saa za kugeuzwa, na katika saa hizo kuna mtu anaingia.

Maana wanaingia, umewaona. Wamegawana saa zangu huko uani bila kuniuliza. Yule mama wa Masasi wa chumba cha pili anakuja adhuhuri, anaimba nyimbo za kanisani kwa pua, sipendi anavyoimba. Mama Kabula anakuja akishamaliza uji, na kila siku ana jipya. Juzi amesema atanipeleka Tabora akaniuze kwa kilo. Nikamwambia kwao hakuna mwenye mizani. Ninapotukanwa hivyo, kwa muda ule mfupi, simo kwenye orodha ya wagonjwa. Nakuwa mtu wa nyumba hii, mwenye kabila, mwenye kiburi, ambaye majirani wanamkomesha. Sikujua kwamba hicho ndicho nilichokuwa nakikosa. Nilidhani nakosa miguu.

Nimekulea vibaya katika jambo moja, na utalibeba mpaka huko. Utafika bwenini, utajitandikia kitanda, utaumwa bila kusema, utalia bila kusikika, kwa kuwa hivyo ndivyo ulivyoona hapa. Wenyeji watakutania hata hujashuka kwenye treni vizuri. Watasema, huyo Mzaramo, mficheni ngoma asije akacheza mpaka akasahau darasa. Itakuuma. Utatamani kuwajibu nilivyojibu mimi. Jaribu tusi, mwanangu. Hata kama ni baya na halichekeshi, jaribu. Nimechelewa miaka miwili na nusu kujua ni mlango wa kitu gani.

Nilikuwa nimepanga kuifunga barua hii ndani ya sare zako, uisome Tabora. Nikajiona. Ningekuwa nimeficha karatasi mara ya pili, nikangoja uwe mbali ndipo ukasirike peke yako, kitandani kwa watu. Nitakupa leo ukirudi, mkononi. Uisome ukiwa umesimama hapa, mbele yangu. Treni ni kesho jioni, kwa hiyo una usiku na mchana wa kunikasirikia, na sitageuza uso ukutani. Ukitaka kupiga kelele, piga, nyumba nzima isikie. Ukitaka kunyamaza, nyamaza. Kisha utoe sare kwenye msumari uzipakie. Usiende kwa ajili ya kuniadhibu, wala usikae kwa ajili ya kunisamehe. Nenda kwa sababu ulifaulu. Nilikwambia labda. Ulifaulu.

Kuna jambo moja limebaki, na nalifanya kabla hujarudi, maana ukilikuta limefanyika utaamini kuliko maneno yote niliyoandika.

Tangu ulipoondoka niko upande huu mmoja, nimeelekea ukutani, ulivyoniacha. Saa ya kugeuzwa imepita nikiandika. Mama wa Masasi yuko kwenye mazishi Msimbazi. Mama Kabula yuko uani, namsikia anapepeta mchele na kubishana na mtu, amesahau kwamba leo wewe hupo. Wiki tatu hizi amekuwa akija mwenyewe. Wote wanakuja wenyewe. Mimi, tangu lori lile lipinduke, sijawahi kumwita mtu yeyote isipokuwa wewe. Sijui sauti yangu itafika mpaka uani. Sijui nitaanza na jina lake au na tusi.

Ukifunua pazia ukanikuta nimegeukia mlangoni, jua kwamba nimeita.

Mama yako